Kila Mlango wa Msiba Una Bei Yake

Sisi wakaaji wa Nguba, mtaa wa Bukavu mashariki mwa Kongo, hatulalamiki kwa sababu tunachanga. Kuchanga tumelelewa nako. Mtu akikata roho asubuhi kwenye avenyu yetu, kabla ya jioni turubai limeshafungwa kutoka ukuta hadi ukuta, vijana wameshabeba viti vya plastiki kutoka parokiani, akina mama wa shirika la kanisa wameshabandika sufuria ya chai, na kando ya mlango pana meza ndogo yenye daftari. Humo kila jirani huandikwa jina na alicholeta: franka elfu tano, mfuko wa makaa, mafungu mawili ya sombe, vipande vya sabuni. Asiye na kitu mkononi huandikisha ahadi, na ahadi hiyo huja kuilipa hata ikipita miezi. Hakuna sheria inayomlazimisha. Anajua kesho kilio kinaweza kuwa kwake.

Tunalalamika kwa sababu daftari hujaa, fedha hupatikana, na baada ya siku mbili fedha hizo zimekwisha na maiti bado haijazikwa. Hazikuliwa na familia, wala hazikunywewa kama wasemavyo wenye kudharau matanga yetu. Zimeishia kwenye milango: mlango wa hospitali, mlango wa chumba cha maiti, mlango wa ofisi ya karatasi, mlango wa gari, mlango wa makaburini. Kila mlango una bei yake, bei hiyo haijaandikwa popote, na anayeitaja huitaja akikuangalia viatu kwanza.

Tuanze na hospitali, kwa kuwa hapo ndipo uchungu ulipo mkubwa. Katika nchi yetu mgonjwa asiyemaliza deni huzuiwa asitoke. Akifa, maiti yake huzuiwa vilevile. Sababu tunazijua, na hatutaki kuonekana watu wasioelewa. Hospitali hupata kidogo sana kutoka serikalini. Muuguzi hulishwa na kile mgonjwa anacholipa, na dawa hununuliwa kwa fedha hizohizo. Wagonjwa wote wakiondoka bila kulipa, hospitali itafungwa, na sisi ndio tutakaokosa pa kupeleka watoto. Hayo tumeyakubali. Tusichokubali ni hesabu inayofanywa baada ya mtu kufa.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watano, alifariki baada ya kupasuliwa katika hospitali ambayo hatutaitaja. Mume wake ni mvuvi wa sambaza. Anatoka ziwani alfajiri na kuuza alichopata kabla jua halijapanda. Deni la matibabu lilikuwa kubwa kuliko kitu chochote ambacho nyumba ile imewahi kushika. Basi kila asubuhi shemeji wa marehemu alikwenda na kile kilichopatikana usiku kwenye matanga, akakitoa dirishani, na karani akakipokea na kusema, “Papa, hizi ni za chumba cha maiti. Za matunzo bado.” Kila usiku ambao marehemu alilala mule ndani ulikuwa na bei, na fedha zilizoletwa zililipa usiku kwanza. Deni la matibabu lilibaki palepale lilipokuwa siku ya kifo. Yaani familia ililipa ili ipate haki ya kuendelea kudaiwa. Watoto waliendelea kulala chini ya turubai, na kila jirani aliyekuja kuhani alikuta wamekonda zaidi.

Wenzetu wa jirani wameshalisema jambo hili wazi. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Kenya, mjini Mombasa, iliamua kwamba maiti si mali, na kwa hiyo hospitali haiwezi kuishika kama rehani ya deni. Nchini Tanzania, wizara ya afya imeshakataza hospitali kuzuia miili ya marehemu kwa sababu ya madai, na kuelekeza familia ziandikiane namna ya kulipa. Hatusemi kwamba huko kila hospitali inatii. Tunasema kwamba huko, mtu aliyezuiliwa maiti ana maneno ya kushika mkononi anapokwenda kubishana. Sisi huku tunakwenda na machozi tu, na machozi hayapunguzi deni.

Halafu kuna suala la baridi. Tunalipia chumba cha maiti kwa sababu ya baridi, lakini Bukavu nzima inajua jinsi umeme unavyokatika. Umeme ukikatika, familia huombwa mafuta ya jenereta. Mafuta yakikosekana, huombwa formoli, na ikinunuliwa inapigwa kwa haraka na mtu ambaye hakuna aliyekuonyesha cheti chake. Bibi aliyekaa siku nne bila baridi hawezi kuagwa na wajukuu wake uso kwa uso. Sanduku linafungwa kule kule, na watoto wanaambiwa ndani yumo bibi yenu. Kwetu kuaga ni jambo zito. Mtu aliyetoka Fizi au Shabunda, aliyesafiri siku nyingi ili amwone mama yake kwa mara ya mwisho, kisha akaonyeshwa ubao uliopigiliwa misumari, hasahau. Tumeona watu wakigombana na ndugu zao miaka mingi kwa ajili ya hilo, wakidhani wao ndio waliofichwa.

Tukisema hayo, tunaambiwa kwamba serikali haina nguvu ya kuingilia mambo ya misiba. Si kweli. Tarehe 18 Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, rais wa Jamhuri alitangaza amri kwa nchi nzima: hakuna matanga kumbini wala nyumbani, maiti itoke chumba cha maiti moja kwa moja hadi makaburini, na wasindikizaji wawe wachache. Amri ilitoka siku moja na ikasikika hadi vijijini. Tulizika baba zetu tukiwa watu wachache, tukatii, kwa sababu tulielewa. Serikali inayojua kukataza kilio kwa siku moja inajua pia kuandika bei ya chumba cha maiti kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani.

Na fedha zenyewe! Michango yetu huja kwa franka, noti zilizochakaa, zimekunjwa mara nane, zinanuka samaki na mafuta ya taa. Kule dirishani bei hutajwa kwa dola. Kwa hiyo mtu wa familia huchukua kifurushi cha franka, huenda kwa wabadilishaji fedha wa barabarani, hupoteza kidogo pale, na kurudi na dola. Dola ikiwa na mpasuko mdogo pembeni au alama ya kalamu, inakataliwa. Anarudi tena barabarani kuibadilisha na kupoteza tena. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa kundi lenye silaha la AFC/M23 tarehe 16 Februari 2025, benki zilifunga milango, na fedha taslimu zikawa adimu. Ndugu walioko mbali hutuma kwa simu, na anayetoa fedha hizo kwa wakala hukatwa kiasi ambacho miaka iliyopita kingenunua msalaba. Wote tunajua hali ya vita si ya kulaumiwa mtu mmoja. Lakini katika hali hiyohiyo, dirisha la maiti halikulegeza hata kidogo: dola, safi, isiyo na doa.

Karatasi tutazipita haraka, maana kila mtu anazijua. Cheti cha daktari, kibali cha kuzika, na tendo la kifo kwenye kitabu cha serikali. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka kila kifo kiandikwe. Sisi tunataka hivyohivyo. Mjane asiye na tendo la kifo hawezi kusimama mahakamani kudai haki yake ya kubaki ndani ya nyumba. Anakuja shemeji na kundi la watu, wanasema nyumba ni ya ukoo, na mama anatoka na magodoro. Mtoto asiye nalo hawezi kudai pensheni ya baba. Lakini ofisini, bei ya karatasi hubadilika kulingana na aliyeketi kwenye kiti siku hiyo, na risiti ukiiomba unaonekana mchokozi. Kwa hiyo familia nyingi hukomea kwenye kibali cha kuzika, na kifo hakiandikwi. Nchi yetu ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa 1985, akasoma, akaoa, akafanya kazi, akafa mwaka huu, hakuhesabiwa katika sensa hata moja maisha yake yote. Asipoandikwa na siku ya kufa, ni kitabu gani cha nchi hii kitakachosema kwamba aliishi?

Sasa makaburi. Hapa ndipo tunaomba mtusikilize vizuri.

Wazee wetu walizikwa nyumbani, chini ya migomba, Kabare, Walungu au Idjwi, mahali ambapo kila mjukuu alijua babu amelala wapi. Mji haukubali hilo, na ni haki, kwa kuwa kiwanja cha Nguba kinatosha nyumba na choo tu, na hata choo kwa shida. Mwenye kijiji cha karibu na njia salama bado humpeleka mtu wake huko. Lakini njia nyingi si salama, na anayetoka Shabunda alikuwa akitegemea ndege, na uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa mwaka 2025. Tunabaki na makaburi ya mji.

Makaburi ya Ruzizi yalikuwa karibu nasi. Yalijaa, kisha yakaanza kuliwa na nyumba. Watu walijenga kidogo kidogo, kwanza pembeni, kisha kati, hadi leo yupo anayeanika nguo juu ya watu wetu. Viwanja havijiuzi. Kuna aliyeuza, kuna aliyetia sahihi, na kuna aliyeona akanyamaza. Tunaoumia ni sisi tunaokwenda siku ya Watakatifu Wote na maua mkononi tukakuta ukuta wa matofali pale palipokuwa na jina la baba.

Siku hizi tunapelekwa Musigiko, upande wa Bagira. Anayejua Bukavu anajua maana yake. Nguba iko mwisho huu wa mji, karibu na mpaka wa Ruzizi, na Bagira iko mwisho ule. Msafara unapita Nyawera, Place de l’Indépendance, unateremka kwenye Bralima, ndipo upande. Barabara ni moja, imebanwa na malori, pikipiki na wauzaji, na mvua ikinyesha tope linashika magurudumu. Gari la maiti ni ghali, kwa hiyo wengi hukodi dyna ya kubebea saruji. Sanduku linawekwa katikati, wajane pembeni, vijana wanashikilia kuta za gari na kuimba. Wazee wasioweza kupanda dyna hubaki nyumbani. Ndiyo, mama mzee anayemzika mume aliyeishi naye miaka hamsini hubaki Nguba kusubiri aambiwe kwamba kazi imekwisha.

Na kule juu hakuna ramani. Hakuna namba. Anayekuonyesha mahali pa kuchimba ni mchimbaji mwenyewe, na bei ya mahali ni maelewano yenu hapohapo, huku sanduku likiwa limetua kwenye majani na padri au mchungaji anatazama saa. Siku moja tuliwasindikiza jamaa wa avenyu yetu, shimo likiwa limefika kiunoni, na sepetu ikagonga ubao. Sote tulisikia. Wachimbaji walisimama, mmoja akasema kwa sauti ya chini, “Papa, huyu ni wa zamani, tusogee kidogo.” Wakasogea kidogo. Udongo ule mwekundu uliolowa ulikuwa ukirudi shimoni kila walipoutupa. Mtoto wa marehemu, kijana wa sekondari, alitaka kujua yule mwingine ni nani. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa hakuna kitabu kilichoandikwa nani amelala wapi. Tulimzika baba yake pembeni ya mtu asiyejulikana, na sisi wenyewe tukaondoka tukijua kwamba baba yake naye siku moja atakuwa mtu wa zamani wa kusogezwa kando.

Usiku, makaburini hakuna mlinzi. Misalaba ya chuma hung’olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Vigae huvunjwa kuchukuliwa. Kwa hiyo wenye uwezo hujenga makaburi mazito ya saruji, wakitumaini uzito utasaidia, na wasio na uwezo hupanda ua na kuomba mvua isilisombe.

Majirani zetu Waislamu wametufundisha jambo. Mtu wao akifa asubuhi, mara nyingi kufikia alasiri ameshaoshwa, ameshavishwa sanda, ameshaswaliwa na kuzikwa. Hakuna sanduku la mbao za libuyu, hakuna usiku wa kulipia baridi. Wakristo wengi wa Nguba tumeanza kusema kwamba siku tatu na nne za kusubiri zinatumaliza, na baadhi ya mashirika ya kanisa yameanza kuzika upesi zaidi. Hilo ni juu yetu na tutalirekebisha wenyewe. Sanduku lenye vioo na maua ya plastiki pia ni juu yetu. Ndugu wa marehemu wasiofika hata kumuuguza ndio huja kudai sanduku la bei kubwa ili wasionekane maskini mbele za watu, na wazee wa familia huogopa kuwakatalia. Tuko tayari kuambiwa. Lakini hata Mwislamu aliyezikwa alasiri anahitaji ardhi, kibali na barabara, na kwenye milango hiyo analipa kama sisi.

Tuna ndugu waliochukuliwa kama wakimbizi wakapelekwa Marekani, wengine Iowa, wengine Ohio, kwenye miji midogo yenye baridi kali. Huko nako wanakufa. Kilio chao tunakifuata kwenye simu: wao wamekaa ukumbini mwa kanisa na makoti yao, sisi tumekaa Nguba na kaniki, tunaimba wimbo mmoja. Wanatuambia kwamba huko kuzika ni ghali kupita kiasi, na kwamba kuna nyumba za biashara zinazochukua maiti hospitalini, kuiosha, kuihifadhi, kuandaa karatasi zote na kuipeleka makaburini. Hatuwaonei wivu wa kumkabidhi mama yao kwa mfanyabiashara. Lakini kuna jambo moja tumelishika. Tangu 1984 kanuni ya serikali ya huko inamlazimu mwenye nyumba ya mazishi kumpa kila anayeingia kuulizia mazishi orodha ya bei iliyoandikwa, kitu kwa kitu, na kutaja bei hata kwa anayeuliza kwa simu. Pia hawezi kukataa sanduku ulilonunua kwingine. Mwaka uleule nchi yetu ilipohesabu watu kwa mara ya mwisho, wenzetu walipata haki ya kusoma bei kabla ya kulia. Karatasi ya namna hiyo haihitaji mfadhili wala mashine. Inahitaji kalamu, gundi, na mkubwa aliyekubali kwamba mfiwa si mteja wa kubanwa.

Watawala wa jiji hubadilika, na katika miaka hii wamebadilika kwa namna ambayo hakuna aliyetuuliza. Sisi hatujabadilika. Aliyeketi kwenye kiti cha meya, awe ametumwa na nani, amekuta wafu wetu na maombi yetu palepale. Hatumwombi pesa za sanduku. Hatumwombi chakula cha matanga. Uji wa wafiwa tutaupika wenyewe kama tulivyoupika siku zote.

Barua kwake tumeiandika. Tuliisoma kwa sauti mara mbili baada ya misa, kisha ikapelekwa msikitini na kwa wachungaji, na wenye kujua kuandika wakatia sahihi, wasiojua wakaweka kidole. Inataka bei ya chumba cha maiti na ya kila karatasi ibandikwe mahali pa kusomeka, kwa franka. Inataka risiti. Inataka kitabu cha makaburi chenye namba, na mlinzi anayelipwa. Inataka ardhi itafutwe upande huu wa mji kabla haijauzwa yote, na waliouza makaburi ya Ruzizi waulizwe. Hayo yatachukua muda na tunajua. Ombi la kwanza halihitaji muda: maiti itoke siku ambayo familia inaihitaji, na deni liandikwe kwenye karatasi, litiwe sahihi na mfiwa mbele ya shefu wa avenyu na mashahidi wawili, lilipwe kidogo kidogo kila mwezi. Sahihi za mashahidi tutatoa sisi majirani.